"Nimekuuzia ng'ombe ili ukatibu ng'ombe?"

BARUA

Shikamoo Mshauri.

Mimi ni binti wa miaka 20, mtoto wa tatu katika familia ya watoto saba, na wazazi wangu ni wakulima na wafugaji katika kijiji kimoja mkoani Simiyu. Mwaka huu nimehitimu kidato cha sita katika tahasusi ya Fizikia, Kemia na Baiolojia, nikapata B ya Kemia, B ya Baiolojia na C ya Fizikia. Katika ukoo wa baba yangu hakuna aliyewahi kufika hapo kabla yangu. Matokeo yalipotoka nilikuwa bado kambini Jeshi la Kujenga Taifa (JKT), nyumbani wakachinja mbuzi bila mimi kuwapo, na niliporudi nilikuta kila mtu kijijini, hadi watoto wanaochunga, ananiita Daktari.

Jina hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Nikiwa darasa la tano mama aliugua sana, akapewa rufaa kwenda hospitali kubwa Mwanza, na kwa kuwa ilikuwa likizo nilikwenda pamoja na baba ili nimhudumie. Tulikaa huko wiki tatu. Nakumbuka harufu ya dawa ya kusafishia sakafu, nakumbuka nikihesabu matone ya dripu hadi sitini kisha nikianza upya, na nakumbuka baba akiwa amekaa kwenye benchi la nje tangu asubuhi hadi jioni akisubiri mtu wa kumweleza kinachoendelea. Siku moja alipita daktari wa kike, kijana tu, akasimama, akamsalimia baba kwa heshima na kumfafanulia kila kitu kwa Kisukuma. Baba hajawahi kuisahau siku hiyo. Mama alipona, na tangu hapo baba alisema kwamba mmoja wa watoto wake atavaa lile koti jeupe. Mimi ndiye niliyekuwa nafaulu, kwa hiyo koti likawa langu.

Baba amenisomesha kwa ng'ombe. Tulikuwa na ng'ombe 31 nilipoingia kidato cha kwanza. Leo wamebaki 10. Kumi na saba waliuzwa mnadani kwa ajili ya ada, sare, godoro na nauli zangu, na wanne walikufa kwa ndigana kali mwaka nilipokuwa kidato cha tatu, mwaka ambao nilikaa nyumbani muhula mzima kwa sababu fedha hazikupatikana.

Sasa nieleze kilichonibadilisha. Nilipokuwa likizo ya kidato cha tano, ng'ombe wetu mmoja alishindwa kuzaa. Afisa mifugo wa kata alikuja kwa pikipiki, akajaribu, lakini mkono wake ni mnene na ng'ombe alikuwa mtamba, ndiyo kwanza anazaa. Akanitazama, akaniambia ninawe hadi begani kwa sabuni na kujipaka mafuta. Aliniongoza kwa maneno tu: nitafute pua ya ndama, nitafute mguu wa kulia, nitafute wa kushoto. Wa kushoto ulikuwa umekunjika kwa nyuma. Aliniambia nimsukume ndama arudi kidogo, kisha niifunike kwato yake kwa kiganja ili isimchane mama yake, niuvute mguu uje mbele. Ilichukua karibu nusu saa, mkono ukafa ganzi, vijana waliosimama kwenye boma wakawa wanacheka kwamba mwanamke hawezi kazi ya ng'ombe. Ndama alitoka mzima. Hadi leo yupo, na ana alama nyeupe kwenye paji la uso. Mshauri, sijawahi kujisikia vile darasani wala popote.

Wakati wa kuomba vyuo nilikuwa kambini, hivyo mjomba wangu, ambaye ni mfanyabiashara Mwanza, ndiye aliyenijazia maombi kwenye duka la steshenari. Nilimwomba aweke udaktari wa binadamu pamoja na tiba ya mifugo, akakubali akidhani cha pili ni cha kujazia nafasi. Nimechaguliwa vyote viwili: udaktari wa binadamu katika chuo kimoja binafsi, ambacho ada yake inazidi shilingi milioni tano kwa mwaka, na tiba ya mifugo Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro. Natakiwa nithibitishe kimoja na zimebaki siku tisa. Majibu ya mkopo bado hayajatoka. Mjomba amesema ataongezea ada ikiwa nitasomea udaktari wa binadamu, na kama ni ng'ombe, yeye hayumo.

Nilipojaribu kumweleza baba, hakunikaripia. Alinyamaza, kisha akauliza, "Mwanangu, nimekuuzia ng'ombe kumi na saba ili ukatibu ng'ombe?" Sikuwa na jibu. Tangu siku hiyo hatujazungumzia tena, na watu wanaendelea kuniita Daktari.

Mimi wodi siiwezi, naijua nafsi yangu. Lakini nikichagua mifugo nitakuwa nimemvunja moyo mzee ambaye hana kingine alichobakiza. Nifuate moyo wangu au nimtii baba?

Mimi Daktari Bila Usingizi, Simiyu.

JIBU

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu nilichukua kalamu nikawa napigia mistari, kwa sababu ndani yake umeandika mambo kadhaa ambayo nadhani wewe mwenyewe hukuyaona wakati unayaandika.

Kwanza nihakikishe kwamba nimekuelewa. Una nafasi mbili halali mkononi, zote za shahada, zote za miaka mitano, na zote zinakupa haki ya kuitwa daktari, jambo ambalo linanifanya nitabasamu kidogo ingawa najua kwako si la kuchekesha. Baba yako anataka moja, moyo wako unavutwa na nyingine, fedha ya mjomba imefungwa kwenye ile ya kwanza, na muda ni mfupi. Mwishoni umeniuliza swali kwa namna ambayo kila jibu lina mtu wa kuumia: ama moyo wako, ama baba. Ukiniruhusu, swali hilo nitaliweka pembeni kwanza, kwa kuwa nadhani limekuja mapema mno, kabla hujayajua vizuri mambo unayoyalinganisha.

Unasema wodi huiwezi na kwamba unaijua nafsi yako. Lakini wodi unayoizungumzia uliiona ukiwa mtoto wa darasa la tano, mama yako akiwa kitandani, na hakuna mtu mzima aliyekuwa na nafasi ya kukueleza kama atapona. Zizi uliliona siku ambayo ndama alitoka mzima. Umeweka siku mbaya kuliko zote za hospitali kwenye mizani moja na siku nzuri kuliko zote za zizini, na mizani ya namna hiyo haiwezi kusema kweli. Isitoshe, mtoto anayehesabu matone ya dripu hadi sitini na kuanza upya, na akakumbuka miaka yote hiyo hadi lugha ambayo daktari aliitumia na baba yake, si lazima awe mtoto aliyeichukia hospitali; huenda ni mtoto aliyekuwa na hofu huku macho yake yakifanya kazi. Sisemi kwamba wodi unaiweza. Nasema ushahidi ulionao ni wa mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja, na sasa una miaka 20.

Vivyo hivyo kwa upande wa pili. Siku ambayo mkono wako ulifanya kile mkono wa afisa mifugo ulichoshindwa ni siku kubwa, na wala sitaki kuipunguza. Lakini daktari wa mifugo hatoi ndama kila siku. Siku nyingi za kazi hiyo ni za kukagua nyama machinjioni tangu alfajiri, kuandika vibali vya kusafirisha mifugo, kupanga chanjo ya kata nzima huku wafugaji wengine wakificha hesabu ya mifugo yao, kumweleza mtu kwamba kundi lake la kuku elfu mbili haliwezi kuokolewa, na kupasua mzoga kwenye jua kali ili ujulikane ugonjwa uliomuua mnyama. Wapo walio maabara, na siku zao hupita mbele ya hadubini. Wapo wanaotibu mbwa na paka wa watu wenye uwezo Dar es Salaam, na wapo wachache wanaofanya kazi na wanyamapori. Miaka ya mwanzo chuoni, iwe udaktari wa binadamu au wa mifugo, utaikuta ile ile biokemia na anatomia, na hapo hakuna ndama wala koti litakalokusaidia kupita mtihani.

Ndiyo maana ningekuomba, katika hizi siku tisa, uache siku mbili za kutafakari moyo na uzitumie kutazama kazi. Rudi kwa yule afisa mifugo wa kata, umwombe akuchukue kwa siku nzima ya kawaida, asubuhi hadi jioni, hasa siku isiyo na tukio lolote. Muulize alisoma hadi ngazi gani, kwa sababu wengi wa maafisa tunaowaona kwenye kata wana astashahada au stashahada, na kazi ya mwenye shahada haifanani moja kwa moja na ya kwao. Siku ya pili nenda kwenye kituo cha afya kilicho karibu, ujieleze kwa mganga mfawidhi, uombe kukaa naye walau kwa saa chache na kumuuliza anachokipenda na kinachomchosha. Wengi hukubali, kwani nao waliwahi kuwa kwenye njia panda kama yako. Siku mbili hazitakufanya mtaalamu, ila zitapunguza hiyo tofauti ya mizani niliyokueleza.

Sasa tuje kwa baba yako, na hapa naomba unisikilize kwa utulivu.

Wewe umelisikia swali lake kama katazo. Mimi, nikilisoma nikiwa mbali, nasikia swali. Mzee ambaye hakukaripia, aliyenyamaza kwanza, kisha akauliza, huenda alikuwa anataka kweli kuelezwa. Kwa mfugaji, mtoto kwenda chuo kikuu na kurudi zizini ni kama mtu aliyesafiri siku nzima akajikuta mlangoni kwake, haoni alichopata. Hajui kwamba kuna shule ya miaka mitano ya kazi ile ambayo yeye aliifanya maisha yake yote bila kusomea. Na katika hilo unayo hoja ambayo umeiandika kwa haraka, katikati ya sentensi, kisha ukaipita: ng'ombe wanne walikufa kwa ndigana kali, na mwaka huo ukakaa nyumbani muhula mzima. Ugonjwa unaoletwa na kupe ulikutoa darasani. Kama josho la kuogeshea ng'ombe lingekuwa linafanya kazi, au kama ng'ombe hao wangetibiwa mapema, mara tu homa ilipoanza kupanda na tezi kuvimba, huenda baba yako asingelazimika kukukalisha nyumbani. Kwa hiyo ukitaka kumjibu anapouliza kwa nini akuuzie ng'ombe ukatibu ng'ombe, sehemu ya jibu iko katika familia yenu yenyewe. Wazee wa Kisukuma waliosimuliwa na babu zao habari za sotoka, iliyofagia mifugo ya Afrika Mashariki miaka ya 1890, hawahitaji kuelezwa sana mifugo ikifa watu wanakuwaje. Ugonjwa huo ulitangazwa kutokomezwa duniani mwaka 2011, na waliochanja ng'ombe boma kwa boma hadi ukaisha walikuwa watu wa fani hii unayoifikiria. Na mwaka 2007, homa ya Bonde la Ufa ilipoua watu na mifugo hapa nchini, ilikumbusha kwamba mimba za mifugo zinapoharibika kwa wingi zizini, mara nyingi watu ndio wanaofuata. Mpaka kati ya madaktari wa watu na wa wanyama ni mwembamba kuliko unavyoonekana kijijini.

Lakini usiende kwa baba na hoja peke yake, kana kwamba mnashindana. Nenda pia na swali. Muulize siku ile kwenye benchi alitaka nini. Sina hakika kama ni koti. Inawezekana alichokiona ni mtoto wa watu, msomi, aliyesimama kumheshimu mzee asiyejulikana na kumsemesha kwa lugha yake. Ikiwa ndicho alichotaka kwa mtoto wake, basi wapo wazee wengi kwenye minada na majosho ambao hawajapata mtaalamu wa kuwafafanulia jambo kwa Kisukuma. Lakini ikiwa atakuambia kwamba anataka mtoto ambaye siku mama yake akiugua tena atajua pa kumpeleka na cha kuuliza, hilo pia ni jibu, na ni zito, na utalazimika kulipokea kama lilivyo bila kuligeuza lifanane na unachokitaka. Sijui atajibu lipi. Wala wewe hujui, ingawa umekuwa ukikosa usingizi kwa jibu ambalo hujalisikia.

Na mama je? Barua nzima inazunguka ugonjwa wake, na unasema alipona, lakini hakuna hata mstari mmoja unaonieleza yeye anasemaje. Kaka wa mama yako ndiye anayetaka kulipa ada. Huenda mama anajua jambo kuhusu kaka yake, au kuhusu mumewe, ambalo lingekusaidia zaidi ya ushauri wangu wote.

Kuhusu fedha sitakuwa mpole sana. Ada inayozidi milioni tano kwa mwaka, ukiizidisha kwa miaka mitano, ni zaidi ya milioni 25 kabla ya chakula, malazi, vitabu na nauli ya kutoka Simiyu. Bodi ya Mikopo humpima kila mwombaji kwa uhitaji wake, na kiasi cha ada kinacholipiwa hutofautiana kati ya mtu na mtu. Kwa hiyo hata ukipata mkopo, panaweza kubaki pengo, na pengo hilo litajazwa ama na mjomba ama na wale ng'ombe 10 waliobaki, ambao pia ni ada za wadogo zako wanne. Muulize mjomba kwa adabu, mbele ya wazazi wako, ni kiasi gani kwa mwaka na ni kwa miaka mingapi, kisha biashara ikiyumba mwaka wa tatu mpango ni upi. Asichukie, ni swali ambalo hata yeye angeliuliza kabla ya kumkopesha mtu mzigo dukani. Chuo cha umma kwa kawaida kina ada ndogo kuliko hiyo, ila hakikisha kwa kusoma barua yako ya udahili mstari kwa mstari, kwa sababu pembeni ya ada kuna michango na vifaa vya mafunzo. Kumbuka pia kwamba mkopo ni deni: tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2016, aliyeajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wake kila mwezi mpaka amalize.

Najua wapo watakaokuambia kwamba udaktari wa binadamu hauna shida ya ajira. Zamani ilikuwa karibu na kweli. Siku hizi mhitimu wa udaktari humaliza miaka mitano, akafanya mwaka mmoja wa mafunzo kwa vitendo, akasajiliwa na Baraza la Madaktari, na bado akasubiri tangazo la ajira kama wenzake wa fani nyingine, huku akijitolea au akifanya kazi za zamu kwenye hospitali binafsi. Daktari wa mifugo naye lazima asajiliwe na Baraza la Veterinari, kisha hukutana na soko jembamba zaidi upande wa serikali, lakini lenye milango ya kujiajiri ambayo wengi hawaijui hadi wafike: duka la dawa za mifugo, huduma kwa wafugaji wa kuku na ng'ombe wa maziwa kando ya miji, uhimilishaji, yaani kupandikiza mbegu za dume kwa ng'ombe jike. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi zaidi barani Afrika, na bado mfugaji wa kawaida hujinunulia dawa dukani na kuchoma sindano mwenyewe. Unaweza kulisoma jambo hilo kama ishara kwamba kazi ipo tele, au kama ishara kwamba watu hawajazoea kuilipia. Mimi nadhani yote mawili ni kweli kwa wakati mmoja, na mtu anayeingia humo inampasa awe tayari kuwa mfanyabiashara pia.

Umewataja vijana waliocheka kwenye boma, kisha hukusema zaidi. Nitasema kidogo tu: vicheko hivyo utavikuta tena, chuoni na kazini, na si mifugo peke yake inayovibeba. Wanawake madaktari wa mifugo wapo nchini na wanafanya kazi. Mtafute mmoja, hata kwa kuuliza ofisi ya mifugo ya wilaya, umuulize alivivukaje. Huyo atakujibu vizuri kuliko mimi.

Ipo pia njia ambayo hukuitaja, kwa kuwa unaona milango miwili tu: kuacha vyote viwili mwaka huu na kuomba tena mwaka ujao, baada ya kuiona kazi kwa karibu. Ina faida ya utulivu, na kwa matokeo yako milango haitafungwa yote. Ina hatari zake, nazo si ndogo. Msichana wa miaka 20 aliyekaa nyumbani mwaka mzima kijijini huanza kupangiwa mambo mengine, na sidhani kama nahitaji kuyataja. Ushindani wa mwakani huwezi kuujua. Na mzee wako anaweza kuuona mwaka huo kama kukata tamaa. Naitaja ili uione; wala siipendi kuliko nyingine.

Tena ujue kwamba milango hii haifunguki sawa kutoka ndani. Mtu aliyesoma tiba ya mifugo anaweza baadaye kwenda kwenye afya ya jamii, utafiti wa magonjwa ya kuambukiza au usalama wa chakula kwa shahada ya uzamili, na akajikuta meza moja na madaktari wa binadamu. Lakini akitaka kutibu watu wodini, atalazimika kuanza shahada nyingine upya. Aliyesoma udaktari wa binadamu vilevile hawezi kwenda kutibu ng'ombe kwa cheti chake. Utaratibu wa kuhama programu chuoni upo, una masharti, na hutegemea nafasi. Usiuchukue kama akiba ya kukimbilia.

Mimi nilisomea ualimu kwa sababu kaka yangu mkubwa alinijazia fomu. Nilikasirika mwaka mzima wa kwanza, mwaka wa pili nikaanza kuipenda kazi, na hadi leo nikiulizwa kama nilichagua au nilichaguliwa huwa sina jibu la moja kwa moja. Nakueleza hivi kwa sababu swali lako, moyo au baba, linachukulia kwamba moyo unajua tangu mwanzo na haubadiliki. Moyo wangu haukuwa hivyo. Wako unaweza kuwa tofauti. Una kwato kiganjani mwako kama ushahidi, na mimi sikuwa na kitu cha namna hiyo.

Jambo la mwisho ni dogo lakini ni la haraka kuliko yote, na nilipoliona nilirudi mwanzo wa barua. Unasema mjomba ndiye aliyejaza maombi. Mwombaji aliyekubaliwa na chuo zaidi ya kimoja huthibitisha kwa namba maalumu ya siri, na namba hiyo hutumwa kwenye simu au barua pepe iliyotumika wakati wa kuomba. Kama mjomba aliweka namba yake ya simu, au kijana wa steshenari aliweka ya kwake, basi uamuzi huu unaoukosea usingizi unaweza kufanywa na mtu mwingine kwa kubonyeza tu, hata kwa nia njema kabisa. Kabla ya kwenda kwa afisa mifugo, kabla ya kukaa na baba, mpigie mjomba simu leo. Muulize aliweka namba gani, mwombe nywila ya akaunti yako katika kila chuo, na mweleze kwa upole kwamba utakapofika wakati wa kuthibitisha ungependa uwe umekaa nyumbani, baba na mama wakiwa wanaona, na anayeandika ni wewe.

Kisha niandikie, vyovyote itakavyokuwa. Unieleze na habari za yule ndama mwenye alama nyeupe, kwa kuwa sikupata kujua kama naye yumo katika wale kumi.